Walinzi wa Jicho: John Mustardé na Upasuaji wa Kope na Tundu la Jicho

Mtu anapoanza kupoteza uwezo wa kuona, watu wa nyumbani kwake huuliza kwanza habari za jicho lenyewe. Je, ni mtoto wa jicho? Ni presha ya macho? Anahitaji miwani? Ni nadra mtu kuuliza habari za kope. Hata hivyo, jicho zima kabisa, lenye lenzi angavu na neva isiyo na kasoro, laweza kupofuka kwa sababu ya nywele chache za kope zilizogeukia ndani, au kwa sababu kope imeshindwa kufumba usiku, au kwa sababu uvimbe ulioota nyuma ya jicho umelisukuma mbele hadi likakosa hifadhi. Katika hali hizo zote, chanzo cha maradhi hakimo ndani ya jicho. Kimo katika walinzi wake.

Tawi la tiba linaloshughulika na walinzi hao huitwa okuloplastia, yaani upasuaji rekebishi wa kope, mifereji ya machozi na tundu la jicho. Katika karne ya 20, mmoja wa waliolijenga tawi hili alikuwa John Clark Mustardé wa Scotland, tabibu wa macho aliyegeuka kuwa mpasuaji rekebishi, na ambaye katika uzee wake aliifanya Afrika kuwa sehemu ya kazi yake. Makala hii inafuata njia yake ili kueleza kazi ya mpasuaji wa kope, maradhi anayoyatibu katika Afrika Mashariki, na sababu ya mgonjwa kutakiwa kumfikia mapema.

Kope na tundu la jicho

Ngozi ya kope ni nyembamba kuliko ngozi ya sehemu nyingine yoyote ya mwili; unene wake haufiki milimita moja. Chini ya ngozi hiyo upo msuli wa mviringo unaofumba jicho. Nyuma ya msuli lipo bamba gumu linaloipa kope umbo lake, na nyuma ya bamba upo utando laini na wenye unyevu unaogusana na jicho. Kope ya juu ina msuli wa pekee wa kuiinua. Kila mtu anapopepesa, yapata mara 15 kwa dakika, kope ya juu hushuka na kutandaza machozi juu ya konea, kile kioo cha mbele cha jicho, kisha huyasukuma machozi yaliyotumika kuelekea kwenye vitundu vidogo vilivyo karibu na pua. Konea isiyopata huduma hiyo hukauka, huchubuka, hupata vidonda, na mwisho huwa na kovu jeupe lisilopitisha nuru.

Tundu la jicho ni chumba cha mifupa saba. Ujazo wake ni kama mililita 30, sawa na vijiko sita vya chai. Jicho lenyewe huchukua takriban mililita saba tu; nafasi iliyobaki hujazwa na misuli, mafuta, mishipa ya damu, tezi ya machozi, na neva inayopeleka picha kwenye ubongo. Kwa kuwa kuta ni za mfupa, kitu chochote kinachoongezeka ndani ya chumba hicho, kiwe usaha, damu au uvimbe, hakina pa kwenda ila kulisukuma jicho mbele na kuibana neva.

Kutoka vitani hadi kitabuni

Upasuaji wa kope una historia ndefu. Mapema katika karne ya 19, wapasuaji wa Ujerumani walikuwa wakijaribu kujenga kope mpya kwa ngozi ya uso. Lakini vita vikuu viwili vya karne ya 20 ndivyo vilivyoupa msukumo mkubwa. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Harold Gillies, mzaliwa wa New Zealand, alianzisha huko Sidcup, Uingereza, hospitali ya askari walioharibika nyuso. Katika vita vya pili, mwanafunzi na jamaa yake, Archibald McIndoe, aliwatibu marubani waliounguzwa na moto wa ndege. Wengi wao walikuwa wameunguzwa kope, na McIndoe alijua kwamba rubani asiyewekewa kope mpya upesi angepoteza macho ambayo moto wenyewe ulikuwa umeyasalimisha.

Mustardé alizaliwa mwaka 1916. Vita vya pili vilimkuta akiwa tabibu kijana katika jeshi la Uingereza, na aliangukia mikononi mwa adui katika Afrika Kaskazini na kuwa mateka. Baada ya vita, akiwa tayari na ujuzi wa macho, alijifunza pia upasuaji rekebishi. Muungano huo wa taaluma mbili haukuwa wa kawaida. Tabibu wa macho wa zama zile alilijua jicho vizuri lakini hakuzoea kuhamisha ngozi na nyama kutoka mahali pamoja hadi pengine. Mpasuaji rekebishi alijua kuhamisha ngozi, lakini mara nyingi alijenga kope nzuri kwa sura isiyojua kazi yake ya kulilinda jicho. Mgonjwa aliumia katikati ya ujuzi huo wa aina mbili.

Akifanya kazi katika hospitali za magharibi mwa Scotland, Mustardé aliunganisha pande hizo. Mwaka 1966 alichapisha kitabu kikubwa kuhusu urekebishaji wa eneo la tundu la jicho, ambacho kilitolewa upya zaidi ya mara moja na kutumiwa na wapasuaji wa nchi nyingi. Nje ya macho, jina lake linajulikana pia kwa njia ya kurekebisha masikio yaliyochomoza, aliyoieleza mwaka 1963, na kwa njia ya kurekebisha pembe ya ndani ya jicho kwa vipande vinne vya ngozi ambavyo, vikichorwa, hufanana na mtu anayeruka.

Kanuni ya kuazima

Fikra kuu ya Mustardé ni nyepesi kuieleza ingawa ni ngumu kuitenda. Kope mbili za jicho hazina thamani sawa. Kope ya juu hutembea. Ndiyo inayofunika konea, na bila hiyo jicho haliishi. Kope ya chini husimama mahali pake na kazi yake kubwa ni kutegemeza. Kwa hiyo, saratani au jeraha likiondoa sehemu kubwa ya kope ya juu, ni afadhali kuchukua sehemu ya kope ya chini na kuipandisha juu, kwa maana hakuna kitu mwilini kinachofanana na kope isipokuwa kope. Kope ya chini iliyotoa mkopo hujengwa kwa kuizungusha ngozi ya shavu kutoka upande wa sikio kuelekea kwenye pua. Kipande hicho cha shavu hakikatwi chote. Hubaki kimeungana na mwili upande mmoja ili kiendelee kupata damu.

Lakini ngozi ya shavu peke yake haitoshi. Ikilazwa moja kwa moja juu ya jicho, itaikwaruza konea. Mustardé aliweka bitana ndani yake: kipande cha gegedu kutoka ukuta unaogawa pua, pamoja na utando laini unaokifunika. Gegedu hushika nafasi ya bamba gumu la kope, na utando wa pua hugeuzwa uelekee jicho. Hivyo kope mpya hupata tabaka zake zote: ngozi nje, uti katikati, na unyevu ndani. Leo wapasuaji wana njia nyingi zaidi za kuchagua, na kope ya chini hukopwa mara chache kuliko zamani, lakini swali la kwanza kabla ya kushika kisu limebaki lilelile: kope hii itafanya kazi gani baada ya jeraha kupona?

Vikope: upofu unaoletwa na nywele

Wagonjwa wa Mustardé walikuwa hasa watu wenye saratani ya ngozi, majeraha na kasoro za kuzaliwa. Katika vijiji vikavu vya Afrika Mashariki, sababu kubwa ya kope kuharibika imekuwa nyingine: trakoma, maradhi ambayo wengi huyaita vikope. Bakteria wake huenezwa kwa mikono, nguo na nzi wanaotua kwenye nyuso za watoto. Maambukizi yanayorudiwa mwaka baada ya mwaka huacha makovu ndani ya kope ya juu. Kovu hujikunja, bamba la kope hupinda, na nywele hugeukia ndani. Tangu hapo kila kupepesa ni kuikwaruza konea. Wanawake huathirika kuliko wanaume, kwa sababu ndio wanaokaa karibu zaidi na watoto wenye maambukizi. Wagonjwa wengi hujing'oa nywele hizo kwa kibanio. Hupata nafuu ya siku chache, kisha nywele huota upya.

Tiba ya hatua hii ni upasuaji. Kope hukatwa kwa kipimo, sehemu ya chini huzungushwa kuelekea nje, kisha hushonwa ili nywele zitazame mbele. Kazi hufanywa kwa sindano ya ganzi, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Ulinganisho uliofanyika Oman na kuchapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulisaidia kulifanya zungusho la tabaka zote mbili za kope kuwa njia iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Jaribio la Ethiopia lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba kuzungusha tabaka la nyuma pekee, bila kuipasua ngozi ya nje, kuliacha wagonjwa wachache zaidi wenye nywele zilizorudi ndani.

Jambo kubwa zaidi ni kwamba upasuaji huu haukuachwa mikononi mwa mabingwa peke yao. Nchini Tanzania na kwingineko, wauguzi wa macho na matabibu waliopewa mafunzo maalumu huufanya katika vituo vya afya na kambi za vijijini. Nao ni nguzo moja tu kati ya nne. Nyingine ni dawa, kunawa uso, na usafi wa mazingira pamoja na maji. Kongwa, katika Mkoa wa Dodoma, imekuwa mahali pa utafiti wa trakoma tangu miaka ya 1980, na jaribio lililochapishwa mwaka 1995 lilionyesha huko kwamba kuhimiza usafi wa uso pamoja na kutoa dawa hupunguza trakoma kali kwa watoto. Oman ilithibitishwa kuitokomeza trakoma kama tatizo la afya ya jamii mwaka 2012, na Malawi mwaka 2022. Ushindi huo hauwarudishii kuona wale ambao konea zao zimekwisha kuwa nyeupe. Ndiyo maana kope iliyopinda haifai kusubiri.

Kope inayoanguka na kope isiyofumba

Si kila kope mgonjwa hupinda. Watoto wengine huzaliwa na kope ya juu iliyolegea na kuifunika mboni. Wazazi wengi huambiwa kwamba mtoto ana usingizi, au kwamba kasoro itaondoka akikua. Hatari iko kwenye ubongo: katika miaka ya mwanzo ubongo hujifunza kuona, na jicho lililofunikwa halimfundishi. Mtoto akifanyiwa upasuaji akiwa amechelewa, kope itainuka lakini uono huenda usirudi. Mpasuaji hufupisha msuli wa kuinua kope. Na ikiwa msuli huo hauna nguvu kabisa, huifunga kope kwenye msuli wa paji la uso kwa ukano uliotolewa pajani, ili mtoto ainue kope kwa kuinua nyusi.

Kinyume chake ni kope isiyofumba. Huwapata watu waliopooza neva ya uso, waliounguzwa kwa moto, na baadhi ya walioathiriwa na ukoma. Katika ukoma madhara ni mawili kwa pamoja: kope hukosa nguvu ya kufumba, na konea yenyewe hupoteza hisia, hivyo mgonjwa hapati hata maumivu ya kumwonya. Mafuta ya macho na kulifunika jicho usiku husaidia mwanzoni. Upasuaji wa kuifupisha au kuikaza kope hufuata inapobidi.

Ndani ya tundu

Kazi iliyo nzito kuliko zote imo nyuma ya jicho. Sakafu ya tundu la jicho ni nyembamba sana, na mtu akipigwa ngumi au kuanguka na pikipiki, huweza kuvunjika huku jicho lenyewe likisalimika. Mgonjwa huona vitu viwiliviwili, na baadaye jicho huzama. Kwa mtoto, mfupa unaopinda huweza kuubana msuli wa jicho kama mtego. Jicho huonekana jeupe na zima, lakini mtoto hutapika na hawezi kutazama juu. Huyo anahitaji upasuaji haraka, ingawa kwa macho ya wazazi anaonekana ameumia kidogo tu.

Maambukizi ya mashimo ya hewa yaliyo kando ya pua huweza kupenya ndani ya tundu na kuleta usaha. Tezi ya shingo inapougua, mwili huweza kuishambulia misuli ya macho, nayo ikavimba na kuyatoa macho nje. Kwa watoto wa Afrika, hofu kubwa ni saratani. Mwaka 1958, Denis Burkitt, mpasuaji aliyekuwa Kampala, alieleza uvimbe wa taya za watoto ambao baadaye ulipewa jina lake. Uvimbe huo huweza kufika pia kwenye tundu la jicho. Tiba yake kuu ni dawa za saratani, wala si kisu. Mpasuaji wa tundu la jicho, basi, hupaswa kujua pia wakati wa kutokata: huchukua kipande kidogo kwa uchunguzi, kisha humkabidhi mtoto kwa wenzake wa saratani.

Retinoblastoma, saratani ya pazia la jicho inayowapata hasa watoto walio chini ya miaka mitano, hudai uamuzi mchungu zaidi. Dalili yake ya kwanza mara nyingi ni mng'ao mweupe ndani ya mboni. Ikigunduliwa ingali ndani ya jicho, uhai wa mtoto huokolewa, na wakati mwingine jicho pia. Mara nyingi hulazimu jicho litolewe. Wazazi wengi husita, wengine humrudisha mtoto nyumbani; wanaporejea baada ya miezi, saratani imekwisha kutoka ndani ya jicho na kuingia kwenye tundu, na nafasi ya kupona imepungua sana. Hapo ndipo maneno ya daktari yana uzito kama mkono wake. Mzazi anapaswa kuelezwa kwamba mpasuaji akiondoa jicho huweka mpira mdogo ndani ya tundu na kuushonea misuli, kisha baada ya wiki kadhaa huvalishwa jicho la bandia. Ujazo huo husaidia pia mifupa ya uso wa mtoto kukua sawasawa. Mtoto huyo atakwenda shule.

Somo la Accra

Mustardé alipokwisha kustaafu, akiwa na zaidi ya miaka 70, alianza kazi nyingine. Alikwenda Ghana na kuona wagonjwa wa majeraha ya moto na kasoro za uso wasio na pa kutibiwa. Wapasuaji wageni wengi huja Afrika kwa majuma mawili, hufanya upasuaji mwingi, kisha huondoka, na foleni hubaki palepale. Yeye alichagua njia ndefu. Katika miaka ya 1990, kwa kushirikiana na Waghana na wafadhili wa Scotland, alisaidia kuanzisha kituo cha upasuaji rekebishi na majeraha ya moto katika Hospitali ya Korle Bu, Accra, na madaktari wa Ghana walipata mafunzo ya kukiendesha wenyewe. Alifariki mwaka 2010. Kituo kilibaki.

Somo hilo linaihusu Afrika Mashariki moja kwa moja. Nchini Tanzania, daktari husoma shahada ya kwanza kwa miaka mitano na kufanya mwaka mmoja wa mazoezi kazini. Baada ya hapo husomea ubingwa wa macho kwa miaka mitatu au minne, na ndipo anapoweza kuingia ubingwa bobezi wa kope na tundu la jicho. Anayefika huko hufanya kazi bega kwa bega na wapasuaji wa pua na koo, wa ubongo, wa taya, wa saratani na watengenezaji wa macho ya bandia. Njia ni ndefu na wanaoifuata ni wachache. Kwa hiyo bingwa hupimwa pia kwa idadi ya watu aliowafundisha: muuguzi wa kijijini anayejua kugeuza kope iliyopinda, na tabibu wa zahanati anayejua kwamba mboni nyeupe ya mtoto haingoji kliniki ya mwezi ujao.

Dalili zisizopaswa kupuuzwa

Mtu mwenye nywele za kope zinazochoma jicho, kope ya mtoto iliyofunika mboni, au jicho lisilofumba usingizini, anapaswa kufika kwenye kliniki ya macho bila kuchelewa. Kidonda au kiuvimbe kwenye kope au kwenye weupe wa jicho kisichopona baada ya wiki chache kichunguzwe, hasa kwa watu wenye ualbino na wanaoishi na virusi vya UKIMWI, ambao wamo katika hatari kubwa zaidi ya saratani za eneo hilo. Mng'ao mweupe kwenye mboni ya mtoto, jicho linalochomoza, kope iliyovimba pamoja na homa, au kuona viwiliviwili baada ya ajali ni mambo ya kwenda hospitali siku hiyohiyo. Maji ya majani, maziwa ya mama na matone yaliyonunuliwa bila kupimwa hayalisaidii jicho katika hali hizo, na huweza kuongeza maambukizi.

Kope hupepesa maelfu ya mara kila siku bila mwenye jicho kukumbuka kwamba anazo. Siku anapozikumbuka, ni kwamba zinauma, zimeanguka au zimepinda, na bado upo wakati wa kuliokoa jicho wanalolilinda.